Sura ya Sita: Kidole cha Pili

Mashine ya figo haina haraka. Inavuta damu ya mtu kwa mrija mmoja, inaisafisha, inairudisha kwa mrija mwingine, na aliyeketi kwenye kiti chake hana pa kwenda hata akiambiwa nyumba yake inaungua. Kwa mpelelezi pale ni mahali pazuri pa kuhojia. Shahidi hasingizii kwamba ana mgeni, wala hakumbuki ghafla kwamba ameacha chungu jikoni.

Lakini asubuhi ile Chujio hakuifurahia kazi yake, kwa sababu aliyekuwa kitini ni Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu zamani, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limestaafu kabla yake. Nusu ya mji ilipokewa na mikono yake. Hata muuguzi aliyemfunga mirija alikuwa mmoja wa hao, na Mkunga hakuacha kumkumbusha kwamba alizaliwa ametanguliza miguu na bado anafanya mambo kinyumenyume. Chujio naye ni mpelelezi wa Mfuko wa bima ya afya ya umma, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo. Wenzake kazini walimpa lakabu hiyo kwa sababu dai la uongo likifika mezani kwake halipiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunitazama au kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Haya uliza. Nikikimbia, damu yangu itabaki hapa."

Kabla hajauliza, muuguzi alimvuta pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka.

"Ya leo daktari kaifumbia macho," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Alhamisi hatafumba tena. Kadi ya Mfuko inamkataa, inasema si mwanachama. Kadi ya kampuni inamkubali, lakini figo haimo. Bila kadi haturuhusiwi kuwasha mashine."

"Na Alhamisi asipowekwa?"

"Maji yatampanda kifuani. Wiki haiishi, shangazi. Usinilazimishe kumwambia."

Tuliweke jambo hili wazi, maana hata waliosoma likiwafika hukuna kichwa. Mstaafu ana milango miwili. Wa kwanza ni Mfuko: alikatwa mshahara miaka yote ya kazi, na akistaafu anatibiwa mpaka mwisho wake, ugonjwa wowote ule. Atapanga foleni, atanuniwa dirishani, dawa nyingine ataambiwa zimekwisha, lakini hatafukuzwa. Mlango wa pili ni kampuni binafsi. Huko kuna viti vya sponji na tabasamu, ada inalipwa kila mwaka na inapanda kadiri mvi zinavyoongezeka, na maradhi uliyokuja nayo kutoka nyumbani hakuna anayeyagusa. Kwa mzee mzima wa afya, kampuni si mbaya hata kidogo. Kwa mgonjwa wa figo ni sawa na kuazimwa mwavuli mvua ikishakatika.

Na kuna kanuni moja yenye meno: mstaafu akitoka Mfuko kwa hiari yake, harudi. Iliwekwa ili watu wasitoke wakiwa wazima na kurudi wakiugua. Sasa wastaafu zaidi ya arobaini, wote wagonjwa, walijikuta wametoka kwa hiari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo. Mkuu wa tawi alimwita Chujio, akamwambia maneno machache: "Kuna wakala wa kampuni anatuibia wazee. Mkamate." Chujio alikuwa tayari kumkamata hata bila kifungua kinywa.

Akavuta kigoda, akaketi usawa wa macho ya Mkunga.

"Mama, uliwahi kuweka sahihi ya kuhama?"

"Nihame, na figo hizi? Nimestaafu kazi, sijastaafu akili."

"Wakala wa kampuni unamjua?"

"Yule kijana wa manukato? Alikuja kwenye mkutano wetu wa wastaafu, akatugawia kalamu. Nikamwambia kalamu nachukua, bima baki nayo."

"Uliandika chochote kwa kalamu hiyo?"

"Haikuwa hata na wino."

Chujio akaliacha hilo. "Nieleze siku ya uhakiki."

Kila mwaka wastaafu huitwa kwenye tawi la Mfuko kuthibitisha kwamba bado wako hai. Ushahidi wa uhai ni dole gumba juu ya mashine ndogo yenye kioo. Asiyeweka kidole huhesabiwa marehemu na pensheni yake hukatwa, na kuna wazee waliokaa miezi wakiwa marehemu huku wakipanga foleni kulalamika. Kwa hiyo wamefunzwa wakafunzika. Mashine ikiletwa, kidole kinatangulia. Swali, kama lipo, litakuja baadaye.

"Mwaka huu tulifanyiwa wema," Mkunga alisema. "Mkuu wenu mwenyewe alisimama mlangoni. Akasema wagonjwa watangulie. Sisi wenye kadi za kliniki tukaingizwa chumba cha ndani, kuna feni, kuna maji ya kunywa. Wazima wakabaki juani. Wengine walinuna kabisa, wakatamani kuugua."

"Mkaweka kidole."

"Mara mbili. Kwanza gumba, halafu hiki." Akainua kidole cha shahada cha mkono usio na mirija.

Chujio akakitazama kidole kile. Uhakiki hauhitaji kidole cha shahada. Haujawahi.

"Cha pili mliambiwa ni cha nini?"

"Eti cha kwanza hakikushika vizuri. Binti mmoja wa kompyuta ndiye aliyesema, wa kukodiwa, sijamwona tena."

"Na wote mlioingia chumba cha ndani mmehamishwa?"

Mkunga alifikiri, macho yake yakifuata damu yake mwenyewe ikipita kwenye mrija.

"Isipokuwa Fundi Mawe. Yeye juzi kapewa dawa zake za sukari kwa kadi ileile ya Mfuko. Akapita hapa kuturingia, mshenzi yule."

* * *

Fundi Mawe alikuwa mwashi wa idara ya ujenzi. Chujio alimkuta barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji, akisubiri mtu wa kugombana naye.

"Karibu mwanangu. Ila kama umekuja na mashine ya vidole, geuza njia."

"Kwa nini, mzee wangu?"

Akamnyooshea mikono. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kitako cha chupa. Saruji na chokaa vilikuwa vimekula kila mstari.

"Nimejenga hospitali yenu, nimejenga ofisi yenu, na vidole vyangu nimeviacha humohumo ukutani. Mimi wananihakiki kwa uso. Nikitabasamu mashine inanikataa. Nikikasirika inanitambua."

"Na mwaka huu?"

"Picha nilipigwa, nikanuna vizuri, ikakubali. Halafu wakaniletea mashine ya pili. Binti akasema weka cha shahada. Nikaweka. Hakuna. Akasema weka kingine. Nimeweka vyote, nusura nivue viatu. Mwisho akatoka, akarudi na mkuu wenu."

"Mkuu akasemaje?"

"Akavitazama vidole vyangu, akasema, 'Mwacheni huyu aende zake.' Nikatoka nimesononeka, nikidhani nimekosa kitu walichopata wenzangu." Akazungusha miguu ndani ya maji. "Kumbe nimekosa kaburi."

Chujio alisimama barazani pale akipanga mambo moja baada ya jingine. Arobaini na kitu waliingia chumba kile na wote wakahamishwa, ila yule ambaye mashine haikuweza kumsoma. Basi si sahihi iliyowahamisha, wala karatasi, wala kalamu isiyo na wino. Ni kidole cha pili. Na Mkuu alikuwepo, akaona, akatoa amri.

Hata hivyo alijizuia. Mkuu angeweza kuwa amedanganywa kama wengine. Binti wa kukodiwa angeweza kuwa amehongwa na wakala. Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli, lakini si vizuri mtu kuvua nguo barabarani kabla hajawa na hakika. Alishukuru, akaaga, akaenda kwa wakala.

* * *

Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kijana alikuwa anafunga vitu vyake kwenye maboksi, na manukato yake yalikuwa yameshindwa na jasho.

"Unasafiri?" Chujio akauliza.

"Nimesimamishwa kazi, mama. Ungenikuta nimeshaondoka, ungesema nimetoroka."

"Wazee arobaini umewaingiza kwenye kampuni yako bila wao kujua."

"Nimewaingiza mimi?" Kijana alikaa juu ya boksi, likabonyea. "Mama, mimi niliamka asubuhi, nikafungua kompyuta, nikakuta wanachama wapya wamejaa. Nikadhani nimeokota dodo. Nikampigia mke wangu, nikamwambia achague kitambaa cha pazia. Baada ya wiki moja kampuni ikatazama majina: figo, saratani, figo, moyo, figo. Wakanikata kamisheni yote, wakasema nimewaletea wodi."

"Ada yao mmepokea."

"Ya mwaka mmoja, imekatwa kwenye pensheni zao. Na kesi tutakazoshitakiwa? Sisi tunamtaka mstaafu anayekimbia uwanjani alfajiri, anayekuja kuonyesha kadi kwa majirani. Sasa mimi, mwenye akili timamu, nikawaibe wagonjwa wa Mfuko niwapeleke wapi?"

Waongo wengi ambao Chujio aliwahi kuwahoji walijitetea kwa wema wao. Huyu alijitetea kwa tamaa yake, na tamaa yake ilikuwa na mantiki. Wagonjwa wakiondoka Mfuko, mzigo haupungui kwa kampuni. Unapungua kwa Mfuko.

"Wanaingiaje kwenu?" akauliza polepole.

"Hatuwezi kumsajili mstaafu mpaka nyinyi mmwachie. Mtu hana kadi mbili. Mlango unafunguliwa kwenu, kwa vidole: cha mstaafu kukubali, na cha ofisa wa Mfuko kushuhudia kwamba hakulazimishwa. Akishaachiwa, anatudondokea."

"Ofisa gani alishuhudia?"

"Hilo mnaliona nyinyi. Sisi tunaona mlango umefunguka, basi."

Chujio alishuka ngazi. Katikati alisimama, akashika ukuta, na mteja wa magodoro akalazimika kumpisha.

Si kila ofisa wa Mfuko anaruhusiwa kushuhudia. Waliotunga kanuni walikuwa na nia njema, wakataka shahidi awe mtu asiyehongeka, kwa hiyo mamlaka hayo walikipa kitengo cha upelelezi. Na katika tawi lile kitengo kizima cha upelelezi kilikuwa yeye na meza yake. Hakukumbuka kuyatumia hata mara moja.

Asubuhi ya uhakiki, wazee wakiwa bado nje, Mkuu alimletea mashine azifungue, kama ilivyo desturi kila mwaka. Akaweka kidole kwenye ya kwanza. Mkuu akasogeza nyingine. "Na hii pia, ya akiba, umeme ukikatika." Akaweka kidole. Hakuuliza. Alikuwa anakunywa chai. Kumbe ya pili ilikuwa ya kuhama, na kidole chake kikawa shahidi wa kila aliyefuata.

Aliona aibu kwanza, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Miaka yote alikuwa akitikisa kichwa kwa ajili ya wazee wale, jinsi wanavyobonyeza chochote wanachoonyeshwa. Hofu ilikuja baadaye kidogo, na haikuondoka.

* * *

Aliporudi tawini watu walikuwa wanafunga madroo. Akaketi kwenye kompyuta yake, akaomba rekodi ya walioachiwa. Haikumchukua muda. Mbele ya kila mstaafu, kwenye nafasi ya shahidi, kulikuwa na jina moja, na lilikuwa lake.

"Nilikupa wakala," Mkuu alisema.

Alikuwa mlangoni, miwani mkononi, akiifuta kwa shati. Hakuonekana mbaya. Alionekana mtu aliyekosa usingizi. Akaingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Nilikupa wakala mkononi," akarudia. "Ungeishia pale. Kampuni ingelaumiwa, ina mawakili wa kutosha. Kwa nini umeendelea?"

"Kwa sababu hana faida nao. Wewe unayo."

"Mimi? Mimi sijapata hata senti. Tawi lilikuwa linafungwa, dada yangu. Wagonjwa wachache walikuwa wanakula fungu la mji mzima. Wangebaki, mwakani mtoto mwenye homa angekosa vidonge. Nikawahamishia mahali penye pesa."

"Mahali ambapo hawatibiwi."

"Hilo ni kosa la kampuni."

"Uliwachagua kwa kadi zao za kliniki. Uliwapa maji ya kunywa."

Mkuu alivaa miwani.

"Tuzungumze kama watu wazima," akasema. "Njia ni mbili, na wewe unazijua kuliko mimi. Tunaweza kuandika kwamba ni kosa la mitambo. Unaweka kidole chako, naweka changu, suala linakwenda makao makuu, kamati inakaa, wazee wanarudishwa."

"Kamati inakaa baada ya miezi."

"Inakaa inapokaa."

"Na wakati huo kadi zao zimefungwa."

"Kanuni sikuitunga mimi."

Njia ya pili ilikuwa kwenye kioo mbele yao, na wote wawili waliiona. Udanganyifu. Hiyo haihitaji kamati wala kidole cha Mkuu. Inahitaji kidole cha yule yule aliyeshuhudia, na papo hapo kadi zote zinafunguka mpaka kesi imalizike. Lakini anayebonyeza anakiri kwamba ushahidi alioutoa ulikuwa wa uongo, na wa kwanza kushitakiwa ni yeye.

"Ukiibonyeza hiyo," Mkuu alisema taratibu, kana kwamba anamfundisha mtoto kuvuka barabara, "wewe ndiye uliyefungua, na wewe ndiye unayekiri. Mimi sina kidole changu mahali popote. Yule binti humpati."

"Fundi Mawe alikuona."

"Mzee ambaye hata mashine haimtambui." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Umebakiza miaka mingapi kustaafu? Minne? Ofisa anayefukuzwa kwa udanganyifu anapoteza pensheni, na uanachama wa Mfuko unakwenda nayo. Utazeeka bila bima. Kampuni gani itakuchukua, na presha hiyo uliyonayo?"

Alijua hata presha yake. Bila shaka alijua. Kadi yake ya kliniki ilipitia mezani kwa Mkuu kama za wengine. Chujio aliutazama mlango uliofungwa, dirisha lenye vyuma, kisha yule mtu aliyekaa kati yake na mlango. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, wahenga walisema, lakini hawakusema asiyekuwemo afanye nini akishanaswa.

"Mkunga ni mtu mmoja," Mkuu akaongeza, sauti imelainika. "Namheshimu, alimzalisha mke wangu. Tutamchangia."

"Tutachangia nini? Sanda?"

"Usiseme hivyo."

"Mchango wa ofisi hii haujawahi kutosha hata kununua keki. Alhamisi ni keshokutwa."

Akaivuta mashine ndogo ya mezani, akaiweka mbele yake. Alikuwa anaogopa: anaogopa polisi, anaogopa mumewe atakavyomtazama, anaogopa uzee wa kuomba dawa kwa jirani. Akachagua neno lile kwenye kioo. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

"Sikiliza," Mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza alisogea mbele kwenye kiti. "Mara ya kwanza hukujua unabonyeza nini. Mahakamani ungeweza kujitetea hivyo, na mimi ningekusaidia. Ukibonyeza sasa, utetezi huo umekwisha."

"Najua."

Akaweka kidole cha shahada. Mashine ikawaza, ikawaka kijani.

Mkuu alisimama. Hakupandisha sauti. Alichomoa ufunguo uliokuwa kwenye kitasa upande wa ndani, akatoka, na Chujio akausikia ukizungushwa kutokea nje. Halafu akamsikia kwenye korido akipiga simu polisi, akitaja jina lake kamili, akisema ofisa wake mwenyewe amekiri, na kwamba tawi limesikitika sana.

Chujio akatoa simu yake, akampigia muuguzi.

"Jaribu kadi ya Mkunga. Ile ya Mfuko."

"Nimeshajaribu mchana, shangazi."

"Jaribu tena."

Akasubiri. Nje, viatu vilikuwa vinapanda ngazi, vya mlinzi labda, kwa mwendo wa mtu anayetumwa asikotaka kwenda. Kwenye simu alisikia vitufe vikibonyezwa, kisha muuguzi akivuta pumzi.

"Imesoma. Jamani, imesoma." Alianza kulia, akajikaza. "Umefanyaje?"

"Mpe zamu ya asubuhi," Chujio alisema. "Na umwambie mimi Alhamisi sitaweza kuja kumtazama."